Mfumuko Umeshuka

Jumatano, saa kumi na mbili na nusu jioni,
darasa la juu ya duka la misumari, Barabara ya Kirinyaga.
Mwalimu Wabwire anapangusa chaki kwenye suruali,
anachora mistari miwili iliyoshikana kwenye kona:
wima ni bei, mlalo ni miezi.
"Kabla hujautazama mstari," anasema,
"tazama miguu yake. Imesimama wapi?"

Ametubandikia grafu mbili za unga, pakiti ya kilo mbili.
Ya kwanza ni genge: ukiteleza hapo, huokotwi.
Ya pili ni tambarare, ng'ombe angelala.
Tukabishana. Moraa wa benchi la mbele
akauliza kila moja ni ya nchi gani.
Kumbe tarakimu ni zile zile,
Januari mia na arobaini, Juni mia hamsini na mbili,
ila ya kwanza mhimili umeanzia mia thelathini na nane,
ya pili umeanzia sifuri.
"Hakuna aliyesema uongo," anasema Mwalimu.
"Lakini huyu wa kwanza amemkata twiga miguu,
sasa anatuita tushangae shingo."

Nikaliandika hilo.
Chini yake nikaandika: Mutinda, mia tatu, Ijumaa bila kukosa.

Nyumbani ni Pipeline, ghorofa ya saba,
na mifereji imekauka tangu Jumapili.
Pale chini, kwenye kibanda, redio ya shangazi Kalekye
inakoroma katikati ya moshi wa mafuta:
mfumuko wa bei umeshuka,
asilimia sita mwezi jana, sasa ni nne nukta tisa.
"Umeshuka!" Akainua mwiko. "Basi kesho unga ni mia?"

La, shangazi. Kilichoshuka si bei,
ni kasi ya bei kupanda.
Akanitazama kama mteja
aliyelipa kwa noti iliyochanika.

Nikaushika mtungi wa lita ishirini.
Tazama, nikasema. Mpaka ghorofa ya nne nakimbia,
kuanzia ya tano najikokota.
Mwendo wangu umeshuka. Mimi je, nimeshuka?
"Wewe uko juu."
Ndivyo.
"Na maji bado yako mkononi."
Ndivyo, shangazi.
Akacheka, kisha akaacha kucheka.
"Mpanda ngazi hushuka, walituambia.
Waliosema hivyo hawakununua unga."

Andazi lake ni shilingi kumi.
Lilikuwa kumi nikiwa darasa la sita,
lilikuwa kumi mwaka wa ukame, lilikuwa kumi mwaka wa kura.
Nikilichora, mstari utalala chali
kama uwanda wa Athi, hauna hata kichuguu.
Usiku ule alinionyesha anachokatia unga.
Mwanzoni kilikuwa kikombe cha bati.
Kikaja glasi.
Sasa ni kifuniko cha mkebe wa mafuta ya kujipaka.
"Hilo nalo lina mstari?" akauliza.
Nikalala nikilitafuta katika kitabu,
sura ya kwanza hadi ya nne,
nikapata mahitaji, nikapata ugavi, nikapata wastani,
kifuniko sikukiona.

Jumatano iliyofuata nilimpelekea Mwalimu andazi moja,
limefungwa katika gazeti, ukurasa wa biashara.
Akaligeuza. Akalipima kwa rula ya ubao.
"Bei?"
Kumi.
"Bado?"
Bado.
Hakusema neno. Alilila akiwa amesimama,
vipande vinne vidogo,
darasa zima tukimhesabia.

Kisha akarudi kwenye grafu kutufafanulia mwezi wa Mei,
na kidole chake kikaacha doa la mafuta
juu kidogo ya mstari,
mahali ambapo hapakuwa na bei yoyote.
Moraa, mtu wa bidii,
akalinakili doa hilo katika daftari lake,
akalizungushia duara,
akaweka alama ya kuuliza.