Lenzi ya Kuazima

Saa kumi na moja alfajiri Sospeter ananikabidhi lenzi
kama anayemkabidhi kichanga shangazi asiyeaminika.
"Usiiweke mchangani. Saa moja jioni iwe hapa."
Kadi yangu ya kura imebaki kwake, rehani,
pamoja na elfu thelathini,
ambazo ni vichwa kumi na tano vya pasipoti
pale kibandani kwangu, Mlango Mmoja.

Maana kazi yangu ni vichwa.
Kaa wima. Kidevu chini kidogo. Masikio yaonekane.
Miaka tisa nimewaambia watu wasicheke,
na watu wakanitii.

Leo nimekuja Luchelele kwa wasiotii.

Mnandi yuko juu ya mti mkavu, mbawa kazianika
kama koti la mtu lililorudishwa limelowa.
Nabonyeza. Nimepata mti.
Yangeyange: nimepata mguu.
Furukombe anapiga ukelele hadi mawe yanaitikia,
nainua lenzi, mkono unatetemeka, uzito wa debe la mahindi,
na nimepata mbingu,
mbingu tupu, imekolea vizuri.

Kisha mdiria.
Mweusi kwa mweupe, anasimama hewani,
anapiga mbawa pasipo kwenda popote,
picha iliyotundikwa bila ukuta.
Namfuata kushoto, namfuata tena,
na mtumbwi ukaingia kwenye fremu.

Wanaume wanne wanavuta kokoro.
Nusu kilomita, lakini nawaona kama nimepakiwa nao:
jasho la shingoni, pengo la jino,
kandambili iliyoshonwa kwa waya.
Mwenye pengo akageuka. Akaliona bomba langu jeusi limemwelekea.
Sikusikia neno, nililiona mdomoni mwake:
Doria!
Kamba ikakatwa. Nyavu ikazama. Makasia yakachanganyikiwa.
Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe.
Nilikiondoa.

Mdiria hakukimbia.
Yeye hapimwi matundu.

Nimekaa juu ya jiwe, na aibu isiyo na mwenyewe,
mafunjo yakapasuka, akatoka mtoto.
"Nimetumwa niulize, wewe ni wa serikali?"
"Mimi ni wa pasipoti."
Akafikiri.
"Pasipoti ni serikali."

Nikamgeuzia kioo cha kamera: mti, mguu, mbingu,
mkia wa mdiria ukitoroka pembeni.
"Huyu namjua," akasema Luhende, ndilo jina lake.
"Anakaa tundu la tatu, pale ukingoni.
Ana mikanda miwili kifuani. Mke wake ana mmoja."
Nikarudi kwenye picha, nikakuza, nikakuza.
Mikanda miwili.
Asubuhi nzima nilikuwa nimeona ndege.

"Unakosea kumfuata," akasema.
"Tazama dagaa. Maji yakichemka pale, na yeye yuko juu."
Tukangoja. Jua likahamia utosini.
Inzi wakatutembelea, tukawaachia miguu.
Yeye akinong'ona, "Bado,"
nami, niliyezoea kusema moja, mbili, tayari,
nikanyamaza kama mteja.

Maji yakachemka.

Sospeter ameipokea lenzi saa moja na dakika kumi,
ameihesabia mikwaruzo kwa tochi ya simu,
hakuniuliza nimeona nini.

Usiku nimechapa ile moja.
Mdomo chini, jicho wazi, mikanda yote miwili,
na nyuma yake ziwa, ziwa tu,
buluu ileile wanayoitaka uhamiaji.
Mkono ukafuata mazoea, nikazikata nne, saizi ya pasipoti.
Tatu nimezibandika kibandani.
Ya nne nimeitia kwenye bahasha,
nimeandika Luhende, Luchelele,
nikakwama hapo, kalamu mkononi,
maana sikumuuliza ni nani aliyemtuma,
ingawa nadhani ana pengo.