Bilauri ya Kukodi

Usiku, kwenye simu, mimi ni Radi.
Watu mia mbili na kumi na saba, toka Sib hadi Sohar,
wengine Dubai, mmoja yuko Doha na hatujui ni mume au mke,
hawalali mpaka nimjibu Wembe.
Na Wembe jana, saa sita kasoro, kanichapa:

    Nimekusikia, Radi, kelele tupu angani;
    bilauri ya kukodi, ung'arayo kwa wageni.

Nilicheka peke yangu hadi mto ukalowa.

Asubuhi mimi ni Mundhir,
karani wa bili za maji, dirisha la nne, Khudh.
Jina lenyewe silimalizi.
Ile m hufunga midomo kama mlango wa friji,
navuta, navuta, mteja anaangalia viatu vyake kwa adabu.
Kwa hiyo nimejifunza kazi ya kichwa na kidole:
saini hapa, lipa pale,
karibu tena kwa nyusi.
Wenzangu wanadhani ni uchaji Mungu.

Namba themanini na mbili.
Bibi wa buibui lililopauka mabegani,
kashika bili kwa mikono miwili kama aliyeletewa hati ya kesi.
Riyali sitini na moja, nyumbani yeye na paka.
Akaanza Kiarabu. Kiarabu chake
kama mtu anayevuka barabara kuu ya Batina kwa miguu:
neno moja mbele, asimame, arudi.
"Mwanangu," akasema mwishowe, akionyesha mlango,
yaani mwanawe yuko nje anatafuta pa kuegesha gari,
na ulimi kaondoka nao.
Kijana wa nyuma yake akashusha pumzi ili asikike.

Tukabaki hivyo, kioo katikati,
yeye hana lugha ya hapa, mimi sina lugha ya popote,
kiyoyozi kikitusemea.

Akaikunja bili. Akaitazama ile mashine ya namba
iliyomweka saa nzima,
akanong'ona Kipemba, si kwa mtu:
"Na hii nayo, bilauri ya kukodi."

Damu ikanipanda hadi masikioni.

Jibu nilikuwa nalo tangu alfajiri.
Chini ya meza, kwa dole gumba, nikalituma:

    Wembe, makali ya jana, leo wakata mchicha;
    ukinikuta mchana, hata jina utaficha.

Simu yake ikatetemeka juu ya kaunta.
Akaniomba radhi kwa macho. Akasoma.
Na pale pale, wallahi, bibi yule akaota meno:
mabega yakanyooka, nyusi zikapanda,
kikamtoka kicheko cha kuvunja vyombo,
mlinzi akageuka, mkono kiunoni.
Nilimwona Wembe kwa muda wa kusoma mistari miwili.
Kisha mwanawe akaingia akichezesha funguo,
"Vipi, mama, bado?"
naye akarudi ndani ya buibui lake.

Ningeweza kusema.
Shikamoo ni neno jepesi, sh haijawahi kunikwamisha.
Nilichofanya ni kufungua rekodi za mita:
ilisomwa vibaya. Nikakata riyali arobaini, nikagonga mhuri,
nikapitisha karatasi chini ya kioo, na nyusi.
Niliogopa asije akasikia jina langu likikatika
na usiku asiniogope tena.

Saa sita kasoro.

    Leo nimekuta bubu, mpole, karani mwema;
    laiti wewe, ghadhabu, ungemwiga kwa kusema.

Vicheko vikamiminika, hadi Doha.
Radi, uko wapi? Radi kapigwa na radi!
Nimekaa ukingoni mwa kitanda, taa nimezima,
simu inanimulika kidevu.
Vidole hivi havijawahi kunisaliti.
Nimeandika m. Nimeifuta.
Nimeandika m.