Fremu ya Manjulaben

Aliileta ndani ya bomba la kadibodi,
imeviringwa kama ramani ya shamba lenye kesi.
Niliitandaza mezani, nikazibana pembe zake
kwa rula, kopo la gundi, kikombe cha chai na nyundo.
Aliinua nyundo taratibu
akaweka mkoba wake mahali pake.

Picha ya jiwe.
Mwanamke wa mikono minne, mmoja umekatikia kiwikoni,
guu moja hewani, pua hana.
Karatasi nzito isiyong'aa, wino wa kijivu na kahawia.
Chini, kwa herufi za chungu:
jina la mpiga picha, jina la kiwanda kilichochapa,
nakala ya kumi na nne kati ya mia mbili.

"Ni ya kuabudu?" niliuliza,
maana za kuabudu hutakiwa fremu ya dhahabu.
Alicheka. "Wa kuabudu yuko kabatini, mdogo, wa shaba,
kila alfajiri namwogesha.
Huyu ni wa sebuleni. Wa kutazamana naye nikinywa chai."
Kisha, bila kujua kwamba namwona,
akaigusa miguu ile ya karatasi kwa ncha za vidole
na vidole akavipeleka machoni.

Mimi ni wa Tabaka, kwenye machimbo.
Kabla ya kujua kusoma nilijua msasa:
namba themanini, mia mbili, mia nne,
karai la maji baridi katikati ya magoti,
na kiboko cha jiwe kikilainika kiganjani
kama sabuni iliyokataa povu.
Viboko, visahani, wapendanao wasio na nyuso,
tukavifunga kwa magazeti ya juzi vikaenda zao.
Chini ya kila kimoja, kibandiko: KENYA.
Baba hakuitwa Kenya.
Baba aliitwa Ombongi,
na leso yake, akikohoa, ilirudi na unga mweupe.

Ndiyo maana niliinama.
Nilitafuta pasipotazamwa:
nyuma ya goti, chini ya shanga za kiuno.
Pale patasi iliteleza,
ikaacha mikwaruzo mitatu mifupi,
na mwenyewe hakurudi kuifuta.
Labda mkono ulichoka. Labda aliitwa kula.
Miaka elfu, waabudu wameingia na kutoka,
na lile goti bado linamngoja.

Usiku visubi vya ziwani vilipanda Kibuye kama moshi.
Nilizima taa kubwa, nikafunga kioo kwa haraka.
Asubuhi nikakuta kimoja kimo ndani,
kimekufia pale pale palipokosa pua,
bawa linameta.
Nilikuwa nimeshika bisibisi nifungue
Manjulaben alipoingia, sari na raba za sokoni,
kipini chake kikidaka jua la mlangoni.
Alitazama. Akasogea. Akavua miwani, akaivaa tena.
"Nani amemvisha kipini?"
"Ziwa, mama."
"Basi usimvue."

Niligeuza fremu, nikaandika kwa penseli
kama niandikavyo nyuma ya kila kazi:
tarehe, mwenye mali, aina ya mbao.
Halafu, jambo nisilolizoea:
Mchongaji, nukta mbili,
na mkono ukasimama.
Manjulaben alisoma juu ya bega langu.
"Mbona humalizi?"
"Simjui."
"Hata mimi," akasema, na kwa muda
tulinyamaza wawili, kama wageni matangani
wasiojua ukoo wa marehemu.

Tuliiacha ile nafasi, upana wa vidole vinne.
Akafungua mkoba, akahesabu noti,
akakata shilingi mia
kwa kosa la kisubi.