Waokotaji

Wakikuuliza huko Japani nani alikufundisha kurusha
unamtaja mwalimu Chitanda na kofia yake ya bluu.
Sawa, mtaje. Alikuja Newala na mipira mitatu
na gongo moja la mti mwepesi,
na mwenyekiti wa kitongoji akatufikia anahema:
"Nasikia mwanao ameanza gongo."
Baba alicheka hadi akakaa chini.
Hili la kupigia, mwenyekiti. Si la kunywa.

Ila kabla ya Chitanda kulikuwa na mabibo.
Uliyatungua kwa jiwe,
bibo ulilolitaja, si la pembeni yake,
na Baba akakufukuza, korosho bado changa, bado maziwa,
akakufukuza mpaka barabarani,
kisha akarudi peke yake
akapima kwa hatua toka uliposimama hadi mtini.
Arobaini na mbili.
Hakukuambia. Aliniambia mimi, usiku,
kwa sauti ya mtu anayekiri deni.

Mama ndiye aliyedaka.
Akishapanda na maji toka bondeni,
kata bado imemganda kichwani,
anajifunga kipande cha godoro mkononi kwa kanga kuukuu,
anachuchumaa mbele ya ukuta wa choo
na kusema, Haya, lete.
Ulileta.
Kidole chake cha mwisho hakijakunjika tangu siku ile.
Harusi ya Somoe walikipaka hina,
kikakaa kimenyooka peke yake ngoma nzima,
wenye macho wakasema mama yenu anaringa.

Mimi niliokota.
Nani atakuuliza habari za aliyeokota?
Mpira ukiupita mkono wa Mama unaingia kwenye upupu,
unaingia kwa Mzee Nnyambe penye mbwa,
na mimi nyuma yake, nimeinama
kama ninavyoinama Oktoba chini ya mikorosho,
kiuno si changu tena.
Ule mshono mwekundu niliujua kwa kidole gizani
kabla sijajua kuandika jina langu.
Mara moja niliuficha. Siku mbili.
Ulilia, nikauokota.

Mwaka wa pasipoti yako
Baba aliuza pampu ya salfa.
Alisema imekufa, ameipeleka Masasi kwa fundi.
Juni ikaisha. Julai.
Kwa majirani mashine zinanguruma alfajiri,
vumbi la njano linapanda juu ya miti yao,
kwetu kimya, jogoo tu.
Maua yakashikwa na ubwiri unga,
shamba zima likawa kama limemwagiwa majivu ya mwiko.
Ghalani tulipeleka magunia mawili
tulipozoea kumi na moja,
na Baba kwenye foleni ya mizani anawaambia watu,
Ukungu. Ukungu wa mwaka huu, jamani.
Ukungu ulikuwa ule ule, kaka. Nilikuwepo.

Juzi tumekuona kwenye simu ya mjukuu wa Nnyambe.
Umesimama juu ya kichuguu kisicho na mchwa,
mguu umeuvuta juu kama kuku aliyekanyaga kaa la moto,
uwanja mzima umenyamaza.
Mama akauliza, Sasa mchezo huu unaisha saa ngapi?
Hakuna aliyejua.
Baba akataka kujua ni hatua ngapi hapo.
Ukarusha. Yule mwenye chuma usoni akadaka,
na Mama, mbele ya watu wote,
akakunja vidole vinne.

Hela imefika. Pampu imenunuliwa, nyekundu,
analala nayo chumbani kama mgonjwa.
Haya nimekueleza mimi, na yaishie kwangu.
Yeye ukimpigia, usimtajie Masasi wala fundi.
Muulize tu
mwaka huu ukungu ukoje.