Kapasita ya Mia Tano

Fundi wa Double Road alikipima kwa jicho tu,
hakukigusa.
"King'amuzi hiki? Cha kizamani. Nunua kingine, dada."
Nikakirudisha kikapuni, chini ya ndizi mshare,
nikapanda nacho hadi Kiboriloni.

Mama hakuuliza.
Alitandika gazeti mezani, akapuliza jiko,
akanipa kisu cha siagi
kwa kuwa bisibisi ya Baba imechukuliwa
na waliokuja msibani, au wajukuu, au panya.
Hakuna anayekiri.

Parafujo nne. Nilizihesabu kwa sauti
nikazitia kwenye kifuniko cha chupa ya asali.
Ndani: vumbi jekundu la kiangazi,
mabawa ya kumbikumbi,
mende mmoja mkavu amekumbatia waya
kama mlinzi aliyesahauliwa lindoni,
na punje moja ya mahindi.
Nani alikula mahindi humu?

Kilizimika Machi,
usiku ule umeme ulipokatika mara tatu
ukarudi mara ya nne na hasira za mkwe.
Taa ikabaki inapepesa,
inataka kusema, haisemi.
Baba alisema, kesho nitakifungua.
Kesho ikawa KCMC, wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani,
na kesho zilizofuata
hatukuzihesabu.

Ugonjwa niliuona upesi, sihitaji cheti:
kapasita moja imevimba utosi
kama shavu la mtoto mwenye jino bovu.
Wenzake wamesimama wima, vichwa bapa,
hawamtazami.
Mpya ni shilingi mia tano kwa Ndekirwa, muuza spea za redio.
Aliifunga kwenye karatasi ya daftari
yenye hesabu za mwanafunzi fulani,
zote zimekosewa.

Pasi ya kulehemu sina.
Nina msumari wa nchi sita, koleo,
na jiko ambalo Mama ameliepulia makande nusu mbichi,
maana leo kila kitu kitaiva kwa zamu.
Mara ya kwanza nikaunguza kidole.
Mara ya pili nikaunguza gazeti,
tundu katikati ya paji la mheshimiwa,
na Mama akacheka,
kicheko sijakisikia tangu Aprili.
"Mguu mrefu upande wa jumlisha," nikajionya,
na sauti iliyosema haikuwa yangu.
Mara ya tatu risasi ikayeyuka, ikang'aa kidogo,
ikashika.

Tukachomeka.
Nyekundu.
Nyekundu.
Mama akatazama pembeni, kama mtu anayemstahi mgonjwa.
Kijani.

Na nyumba nzima ikapigiwa kelele!
Sauti: thelathini na nane.
Palepale alipoiacha
yeye na sikio lake la kulia
lililobaki kiwanda cha magunia.
Mtangazaji anafoka bei ya maharage,
vikombe vinatetemeka kabatini,
kuku wanatimka kuelekea migombani.
Saa kumi na moja, jua bado liko juu ya mabati,
na ng'ambo ya ua Mama Anaeli,
aliyezoea kufungia mbuzi wake kwa kelele za Baba, anaita:
"Jamani! Saa mbili imeshafika?"

Rimoti iko mapajani mwa Mama.
Kidole gumba kiko juu ya kitufe cha kupunguza.
Hakibonyezi.

Tukakaa hivyo, hatusikilizani,
bei ya maharage, kisha mpira,
kisha hali ya hewa: Moshi, manyunyu.
Ndipo akaniinamia sikioni
akapaza sauti kama alivyokuwa akimpazia yeye:

"Parafujo zilikuwa nne!
Mbona naona tatu?"