Kutu ya Bahi

Watu husema Dodoma haina kutu.
Mvua yenyewe huja kama mdai aliyekata tamaa,
inabisha mara mbili, inaondoka.
Hao hawajalala chali chini ya Landrova
iliyobeba chumvi ya Bahi miaka kumi na minne.

Mama Nyemo kaileta Kizota ikivutwa na trekta,
mia na tisa, ya kijani, ya mwaka sabini na moja,
taa moja inatazama mbele, moja inatazama Singida.
"Mume wangu," akasema, akaishia hapo,
kisha akagonga boneti kwa kifundo cha kidole
kama mtu anayebisha hodi nyumbani kwake.

Boneti haina neno. Hiyo ni alumini,
hupauka, hubonyea, kutu haiipati.
Lakini fremu ya mlango ni chuma,
sakafu ya miguuni pa dereva ni chuma,
na pale chuma kilipolaliana na alumini
chumvi imekaa katikati kama mchonganishi:
unga mweupe upande huu, unga mwekundu upande ule.
Ndoa nyingine nimeziona hivyo.

Nikamwambia Yoramu: gonga, usikilize.
Bati zima husema ngaa.
Bati bovu husema pu, kama ngoma iliyonyeshewa.
Akaanzia kwenye bawaba, akashuka,
ngaa, ngaa, ngaa,
pu.
Chini ya kanyagio la klachi bisibisi ikazama hadi mpinini.
Tukaona ardhi. Tukaona sisimizi wakipita na mambo yao.

Nikawasha grenda.
Rangi ya kijani ikaruka, chini yake ya kijivu,
chini yake pati, nene kama ugali wa uwele wa jana,
mtu kaipaka kwa kisu cha jikoni.
Chini ya pati, gazeti.
Limekunjwa mara nane, limeshindiliwa tunduni,
limelowa mafuta, limekauka, limekuwa ubao.
Nikasoma nusu ya tangazo la mnada wa ng'ombe.
Nikazima mashine.

Naijua mikunjo ile.
Nilikuwa na miaka kumi na saba, fundi Sudi yuko msibani Kondoa,
gari linatakiwa jioni, gesi imeisha,
na mzee Ndahani alilipa bila kuinama kuangalia,
akaniongeza mia tano ya soda.
Soda niliinywa. Ilikuwa ya machungwa.

Gazeti halizuii maji. Linayanywa, linayatunza,
linaipa chumvi mahali pa kulala.
Miaka ishirini na miwili kutu inakula kazi yangu
na mimi nakula mjini.

Usiishie kwenye ubovu, nikamwambia Yoramu,
kata hadi penye uzima,
upoteze na kizuri kidogo. Hapo ndipo penye uchungu.
Kielelezo tulikichora kwenye boksi la sabuni,
tukakata bati, tukalikunja ukingo,
tukalichomelea nukta nukta, huku, kisha kule,
tukingoja lipoe,
maana bati likipewa moto mfululizo hukunja uso
na halikunjui tena.
Rangi ya kuzuia kutu, mikono miwili.
Upande wa chini pia,
ambako hakuna atakayeinama.

Jumamosi akaja, akapanda, akashika usukani,
akakanyaga sakafu kwa kisigino.
Ngaa.
"Na hapa palikuwa na nini?"
Yoramu akanitazama.
Nikasema, "Palikuwa na kazi yangu."

Hakuuliza zaidi. Alifungua mkoba, akahesabu noti,
nikachukua za bati na za gesi.
Zilizobaki akaziweka juu ya boneti, akazikandamiza kwa spana,
upepo ukawa unazinyanyua pembe,
na kati yetu watatu
hakuna aliyenyoosha mkono.