Manowari ya Nta

Babu wa babu yangu, Nalinga bin Mfaume,
alikuwa mchukuzi wa nta pale Lindi:
mabonge ya Wamwera, rangi ya kahawia,
yaliyoshuka bondeni Lukuledi juu ya vichwa vya watu.
Siku moja akayapanga melini, akayalalia.
Alipoamka, Lindi ilikuwa mstari.

Basi usiniulize alifikaje Uingereza.
Alifika kwa usingizi.

Huko alimkuta Bwana Thackwell, mchora manowari.
Akamwita Tekweli, na jina likamkaa.
Tekweli alianza gatini ana miaka kumi na minne,
akipigilia ribiti kwa baridi ya kupasua midomo,
akisoma hesabu kwa mishumaa ya kuiba,
akapanda, dawati kwa dawati,
hata malkia akamgusa bega kwa upanga.
Meli thelathini na moja zilitoka kwenye kalamu yake.
Hakujua kuogelea.
Hakuwahi kumpiga risasi hata kunguru.

Alikuwa na banda, na ndani yake mfereji wa maji,
mrefu kama kutoka bomani hadi sokoni.
Humo meli zilijaribiwa kabla hazijawa chuma,
zikiwa nta, urefu wa mtu aliyelala,
zikivutwa kwa kamba,
Tekweli akiandika mawimbi kwa penseli iliyotafunwa.
Babu akainusa ile nta.
"Hii haijaonana na nyuki," alisema,
lakini mkono wake uliijua.
Wakampa kikwangulio.
Miaka tisa alikwangua matumbo ya manowari.

Amiri mmoja alikuja, nyuzi za dhahabu mabegani,
akataka mizinga zaidi, juu, juu zaidi,
na milingoti juu ya hiyo.
Tekweli akaagiza bakuli la maji na kijimeli.
Akaweka goroli moja sitahani. Kikasimama.
Akaweka la pili. Kikayumba.
La tatu hakuliweka; alimpa amiri mkononi.
Amiri akalitia mfukoni,
akaenda kwa mchoraji mwingine.

Meli ile ilipinduka usiku wa upepo mdogo,
na watu mia nne ndani.
Tekweli hakusema "nilisema".
Alikaa ukingoni mwa mfereji, viatu majini,
hadi taa zikazimwa.

Babu alirudi na kikwangulio, kikohozi, kipande cha nta,
na ubeti mmoja aliousema akinoa panga:

*Chombo hakizami chini, kwa uchache wa mizinga,*
*Kizito kikae ndani, tumboni ukakipanga,*
*Ukikitweka kichwani, utaokota mchanga,*
*Nta yasema majini, wakubwa wameipinga.*

Lindi walicheka. Manowari ya nta!
Mbona isianze kwa samli?

Kisha ukaja mwaka wa vita, Mjerumani bomani,
na asubuhi moja chuma kikasimama ghubani, upande wa Kitunda.
Watu wakakimbilia vilimani.
Babu, mvi tupu, alibaki ufukoni akilitazama lile tumbo.
Karibu na omo, juu kidogo ya maji,
palikuwa na kibonde:
pale kikwangulio kilipoteleza siku aliyokuwa na homa,
na Tekweli akakipima, akasema kiache,
kinalainisha wimbi.
Kibonde kile kile, sasa cha chuma,
kilikuwa kinaitazama Lindi.

Mzinga ukalia. Ukuta wa ghala la nta ukalala.
"Imesimama vizuri," alisema. "Haiyumbi."
Bibi anasimulia kwamba alilia,
lakini bibi hakuwepo.

Kipande kilikaa kwenye kopo la biskuti.
Usiku wa kuzaliwa mama, mafuta ya taa yameadimika mji mzima,
bibi alikata omo,
akatia utambi wa kanga kuukuu.
Haikunukia asali. Iliwaka hadi alfajiri.

Shetri ninayo mimi.
Kila Novemba, joto likikaza, inalegea kidogo,
nami naikwangua kwa ukucha,
polepole,
naiweka kwenye beseni,
natazama inainamia wapi.